Mapambo ya Meza Yatokayo Uani

Ajaye pwani ya kusini ya Kenya katika siku za Rajabu na Shaabani, wakati jamaa nyingi hukimbilia kufungisha ndoa kabla mwezi wa mfungo haujaandama, akafuata barabara itokayo Likoni kupitia Tiwi na Ukunda mpaka Msambweni, aghalabu huyaona mahema meupe yamesimamishwa viwanjani na katika nyua za watu, na chini ya mahema hayo meza za duara zilizotandikwa vitambaa, na katikati ya kila meza pambo lililokodiwa kwa usiku mmoja. Mara nyingi pambo hilo ni chupa ndefu ya kioo yenye maua ya plastiki yaliyovuka bahari, au waridi zilizosafirishwa kutoka mashamba ya Naivasha. Na kwa mwenye arusi wa kipato cha kadiri, aliyealika watu mia mbili na kwa hivyo ana meza ishirini za kupamba, jambo hilo peke yake laweza kula fedha ambayo ingetosha kuongeza mchele na nyama. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Nina yakini kwamba Kwale, kaunti ya pwani hiyo, imejua tangu zamani namna ya kulipamba jamvi la wageni kwa vitu vinavyotumika na vinavyonukia, na kwamba anayeirejea ada hiyo hutoa fedha kidogo na kupata pambo lenye hadhi kubwa kuliko yule anayeiga anasa ya hoteli kwa vitu hafifu.

Mapenzi ya nakshi katika nchi hii ni makongwe. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba karibu na mji wa Kwale katika miaka ya 1960, walifukua vigae vya vyungu ambavyo midomo yake ilichongwa na kutiwa mistari kwa uangalifu mkubwa, wakavikadiria kuwa ni vya karne ya 3 hivi baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Na vyombo vya namna hiyo, vilivyoonekana baadaye hata katika sehemu za kaskazini-mashariki ya Tanzania, vinajulikana na wataalamu wa ulimwengu mzima kwa jina la Kwale. Chakula hakikuhitaji mistari ile ili kiive. Mfinyanzi aliichora kwa kuwa hakuridhika na chombo kitupu, na hamu hiyo ndiyo iliyoendelea katika nyumba za pwani hata wakati ambapo hapakuwa na meza ya kupambwa: watu waliketi mkekani wakalizunguka sinia la wali lililofunikwa kawa la ukindu wa rangi, na karibu yake ukawekwa mrashi wa maji ya waridi na chetezo cha udongo kikifuka udi na ubani. Katika vitu hivyo hapana hata kimoja kilichoandaliwa kwa ajili ya macho peke yake. Kawa lilizuia nzi, mrashi uliburudisha mikono na nyuso, na moshi wa udi uliingia katika nguo za wageni wakaenda nao makwao.

Basi tuanze na mnazi, ambao katika Kwale hauna haja ya kutafutwa. Watu huutazama kwa ajili ya nazi, dafu na makuti, lakini mwenye kutaka pambo na aangalie chini, penye karara. Karara ni lile ganda gumu linalolifunika kole likingali changa. Kole likikua, ganda hupasuka upande mmoja kwa urefu wake, likanyauka, likaanguka, na mfagiaji wa shamba akalichukua kwenda kuwashia moto. Liokote kabla hajalifikia. Urefu wake hukaribia mita moja, ncha zake mbili zimechongoka, tumbo lake limepanuka, nje lina mifereji myembamba iendayo toka ncha hadi ncha, na ndani ni laini tena lina mng'ao wa hudhurungi, hata ukiliweka juu ya kitambaa cheupe waliona ni mtumbwi uliokwisha kuchongwa, usiongoje ila shehena.

Kulitengeneza kwahitaji subira kuliko fedha. Chagua lililoanguka karibuni, lisiloguswa na mchwa, ulisugue kwa burashi na maji hadi vumbi litoke katika ile mifereji, kisha ulilaze majini usiku mzima lilainike. Asubuhi yake litanue mdomo kwa vijiti viwili vitatu vilivyokingamishwa ndani, na uliache likauke kivulini. Ukilianika juani, hasa jua la mchana wa kaskazi, litakauka kwa ghafla na kupasuka palepale unapopataka pazima. Likikauka, toa vijiti, pitisha msasa juu ya kingo zake zisije zikamchoma mtu, ulipake mafuta ya nazi kwa kitambaa, nje na ndani, na rangi yake itakolea. Sasa kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, tumbo lake ni la mviringo, hivyo hubingirika. Dawa yake ni kata mbili za kamba ya usumba, mfano wa ile kata waitiayo kichwani wachukuao mtungi, zikae chini yake moja huku na moja huku. La pili, karara halizuii maji, maana lina ufa. Kwa hiyo maua yatakayo maji yatiwe katika vikombe vidogo ndani yake, na vikombe hivyo pia vyatoka katika mnazi uleule.

Kikombe ni kifuu. Nazi ina macho matatu, na moja la macho hayo ni laini, ndilo lipasuliwalo na chipukizi. Kwa hiyo ukiikata nazi katikati kwa msumeno, nusu yenye macho hufaa kutiwa mchanga, kokoto au matunda makavu, na nusu isiyo na macho ndiyo izuiayo maji. Wazee waliotengeneza kata za kutekea maji na pawa za kuchotea mchuzi walilijua jambo hili bila kuambiwa. Nyuzi za nje huondolewa kwa kukwangua kwa kigae cha chupa, kazi ambayo ni ya mkono wa mtu mzima, wala si ya mtoto. Halafu hufuata msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, kisha mafuta ya nazi, na kile kifuu kilichokuwa cha kutupwa hugeuka cheusi chenye mng'ao. Pete iliyokatwa katika kifuu kingine huwa mguu wake.

Wengi wakishafika hapa hutaka kukitia kifuu mshumaa. Nawasihi wasifanye hivyo. Kifuu ni kuni nzuri, na makaa yake ni makali, kwa hiyo mwali uliosahauliwa ndani yake, juu ya kitambaa, chini ya hema, ni hatari kubwa. Ikiwa taa yatakikana, itumike bilauri ya kioo, au mtungi wa jemu uliooshwa vema: tia maji hadi theluthi mbili, na chini ya maji, ukipenda, zamisha jani la rihani au ua; juu yake mimina mafuta ya nazi kiasi cha unene wa kidole, nayo yatakaa juu kwa kuwa ni mepesi kuliko maji; kisha eleza utambi mfupi wa pamba, uliopitishwa katika kitundu cha kipande cha bati kilicholazwa juu ya vipande vya kizibo. Uzuri wa taa hii ni kwamba mafuta yakimalizika, moto hukutana na maji ukajizimia. Mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, jambo lisilotukia pwani ila nadra, katika usiku wa baridi wa kusi, na hata hapo hurudi kuyeyuka punde utambi upatapo moto.

Sasa maua. Waridi la Naivasha ni ua tukufu, na Kenya imejulikana kwalo katika masoko ya Ulaya, lakini hulimwa nyanda za juu penye baridi, na likifika Diani baada ya safari ndefu hukutana na joto lisilolizoea, likainamisha kichwa kabla wageni hawajamaliza biriani. Maua ya pwani yamezaliwa katika joto hili. Mlangilangi, ambao jirani zetu wa Komoro hulikamua ua lake na kuuza mafuta yake kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hustawi katika nyua za kwetu, na ua lake huchumwa alfajiri, harufu ikingali kali. Mkadi humea karibu na bahari, na vipande vya ua lake hutunza harufu hata vikikauka. Rihani haihitaji sifa. Bogenvilia, ambayo haina harufu, ina fadhila yake: ile rangi nyekundu au ya zambarau tuionayo ni ya majani yaliyolizunguka ua dogo jeupe, na majani hayo hayanyauki upesi, hivyo yafaa kwa karamu ya mchana.

Karamu ya usiku ni ya asumini. Ua hili, ambalo ndilo ua la taifa la Ufilipino na ambalo katika Bara Hindi halikosekani nyweleni mwa bibi arusi, huchumwa alasiri likingali tumba, limefumba, jeupe lenye kijani kidogo kwenye kikonyo. Hapo mwanamke mmoja mzima na wasichana wawili watatu huketi juu ya jamvi, sinia la matumba katikati yao, kila mmoja ana sindano na uzi mweupe. Sindano hupitishwa katika kile kishingo chembamba kilicho chini ya tumba, kamwe si katika petali. Matumba hufuatana, moja kichwa chake kuume, la pili kushoto, na baada ya kila matumba kumi hutiwa jani moja la rihani ili uzi uwe na alama ya kijani. Msichana mgeni wa kazi hubana kwa nguvu, na tumba likibanwa huota doa la hudhurungi. “Mwanangu, lishike kama hulitaki,” humwambia yule mzima, na msichana huitikia, “Naam, bibi,” akalegeza vidole. Nyuzi zilizokamilika huviringwa katika kitambaa kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, zikawekwa mahali pa baridi. Baada ya Magharibi hutolewa na kuzungushwa katika mdomo wa karara au kuachwa zining'inie katika kingo za sinia, na ifikapo Isha, wakati wageni wameketi, matumba yote huwa yamefunguka kwa pamoja. Sijui pambo la kununuliwa liwezalo kufanya hivyo. Kunapokucha asumini hizo huwa zimesinyaa na kugeuka rangi, kwa hiyo asijaribu mtu kuzishona jana yake. Na kwa karamu ya meza ishirini yafaa kualika mikono mingi, maana saa za kuzishona ni baina ya Alasiri na Magharibi tu.

Kuna pambo jingine ambalo ni rahisi zaidi kuliko yote, nalo ni pakacha. Kuti bichi, likisukwa na mtu ajuaye, huwa pakacha kwa muda mfupi, lingali na kijani chake na harufu yake, na likijazwa maembe ya ngowe na boribo wakati wa kaskazi, au machungwa ya Shimba Hills, au ndizi mbivu, huipamba meza kisha huliwa. Kwa mwenye fedha kidogo hakuna hesabu iliyo nzuri kuliko hii, kwa sababu matunda angeyanunua vyovyote vile, na pambo limekuja bure pamoja nayo.

Atakaye kitu cha kudumu aende kwa wasusi. Wanawake wa Kwale, Wadigo na Waduruma na wenzao, husuka miyaa ya mkoma kwa ujuzi ambao hupokewa kwa mama na nyanya: majani huchanwa, hukaushwa juani hadi yawe meupe, hutiwa rangi katika sufuria ya maji yanayochemka, kisha husukwa ukili, na ukili hushonwa mkeka, kikapu, kawa au kitanga. Rangi za leo aghalabu ni za unga zinunuliwazo sokoni. Mzingefuri nao hulimwa papa hapa Kwale, na mbegu zake nyekundu huuzwa kwa ajili ya kutia rangi vyakula. Rangi yake kwenye nguo na ukili ni nzuri, lakini hupauka jua likiipiga, basi pambo lake lisiachwe nje. Kitanga kimoja kidogo cha mviringo katikati ya meza, juu yake karara au chetezo, hukamilisha meza bila kuongeza kitu kingine.

Ninalo neno juu ya bei. Mtu hushangaa akitajiwa thamani ya kikapu, akaanza kuipunguza, ilhali chupa ya kioo aliikodi bila kusema lolote. Msusi amekwenda kukata miyaa, ameianika, ameichemsha, ameketi siku kadhaa mgongo umeinama. Na ukimpunguzia bei katika jambo la furaha yako, umeifanya arusi yako kuwa hasara ya mwenzio. Gharama ndogo ninayoinenea hapa ni ile ipatikanayo kwa kuacha vitu visivyo vya lazima. Agiza vitanga ishirini vidogo mapema, miezi miwili kabla ya siku, ulipe rubuni, na hapo msusi atanunua rangi kwa utulivu na kukupa kazi safi.

Na viko vitu ambavyo pwani inavyo lakini havifai kuchukuliwa. Makombe na matumbawe huonekana katika mapambo mengi ya ufukweni, na wauzaji huyasifu. Lakini gamba tupu ni nyumba ya kaa wadogo wasio na gamba lao wenyewe, na kombe kubwa la baragumu humla yule kiti cha pweza mwenye miiba anayeyatafuna matumbawe hai. Likitolewa baharini likawekwa mezani, matumbawe yamepoteza mlinzi. Hifadhi ya bahari ya Kisite na Mpunguti, mbele ya Shimoni na Wasini, ilitangazwa rasmi mwaka 1978, na ile ya Diani na Chale mwaka 1995, ili mambo haya yasalimike. Kadhalika asiingie mtu katika kaya, yaani msitu mtakatifu wa Mijikenda, kutafuta magogo yaliyopindana au mizizi mizuri. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, na mwiko wake ni kwamba hakitoki kitu humo, hata kijiti kikavu. Mikoko ya Gazi nayo iachwe. Wenyeji wa Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, hupata fedha za maji na shule kwa kuitunza ikiwa imesimama. Karara, kifuu, kuti na matunda havimdhuru yeyote.

Plastiki pia yafaa iepukwe, hasa kwa wanaofanyia karamu ufukweni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika mbuga, misitu ya hifadhi na fukwe. Zaidi ya sheria, kuna kasa watagao mayai katika mchanga wa Diani, na puto lililopasuka likapeperushwa baharini huweza kumezwa na kasa akafa.

Upepo nao uhesabiwe. Kusi, uvumao takriban toka Aprili hadi Septemba, huingia chini ya hema kutoka baharini na kuangusha kila kirefu na kila chepesi, ndiyo maana zile chupa ndefu za kukodi huvunjika na mwenye arusi akatozwa fidia. Karara lenye mchanga kidogo katika vifuu vyake halitikisiki. Tena pambo fupi lina adabu: mgeni aliyekaa humwona aliyemkabili, wakasalimiana na kuulizana habari za wazazi, jambo ambalo ndilo lililowaleta pale. Pambo lolote lisipite kidevu cha mtu aliyeketi.

Chini ya vyote hivi tandika leso. Mombasa ndiko liliko duka la Kaderdina Hajee Essak, lijulikanalo kwa alama ya Mali ya Abdulla, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1887, na maduka ya Ukunda na Msambweni nayo yamejaa leso za kila rangi. Usiikate. Ikunje kwa urefu wake hadi pindo lionekane pande zote mbili, uipitishe katikati ya meza, na rangi za pindo ziwe ndizo zinazokuchagulia rangi za maua na ukili, maana meza yenye rangi mbili hupendeza kuliko yenye rangi sita. Karamu ikiisha, leso hugawiwa mashangazi na somo wa bibi arusi na wale waliokesha wakipika. Vitanga huenda na wageni waliotoka mbali, mmoja kwa kila nyumba. Vifuu hurudi jikoni kuchotea maji. Na makarara yaliyo mazima huoshwa, yakapakwa mafuta tena, yakatundikwa darini yakingojea arusi ya jirani, kwa kuwa mwenye kuazima makarara ishirini huwa ameondolewa kazi ya wiki nzima.